Kulinganisha Saa za Gridi ya Umeme hadi Mikrosekunde Moja: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Wahandisi wa Vituo

Katika gridi ya hezi 50, wimbi moja la umeme hukamilika ndani ya milisekunde 20, na katika muda huo pembe yake huzunguka nyuzi 360. Kwa hesabu hiyo fupi, saa iliyokosea kwa milisekunde 1 huipotosha pembe kwa nyuzi 18, ilhali saa iliyokosea kwa mikrosekunde 1 huipotosha kwa nyuzi 0.018 tu. Ninaanza na namba hizi kwa sababu mara nyingi nimeona kituo kikinunuliwa saa ya setelaiti ya bei kubwa kabla ya mtu yeyote kuuliza pembe inatakiwa iwe sahihi kiasi gani. Matokeo yake huwa ama fedha kutumika pasipo haja, ama saa nzuri kuunganishwa kwa njia inayoupoteza usahihi wake kabla haujafika kwenye rilei, yaani vifaa vinavyoilinda gridi dhidi ya hitilafu.

Pembe hii ina uzito gani? Umeme unaopita kwenye laini ndefu ya mkondo geu (AC) hutegemea tofauti ya pembe kati ya volti ya upande mmoja na volti ya upande wa pili, na kadiri tofauti hiyo inavyopanuka ndivyo laini inavyokaribia ukomo wake. Chukua laini ya kutoka Isinya nchini Kenya hadi Singida nchini Tanzania, iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400 na yenye urefu unaozidi kilomita 500. Hakuna waya wa kupimia unaoweza kuvutwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kila upande hulazimika kuipima pembe yake kwa kuilinganisha na saa, kisha vipimo viwili vyenye alama ya wakati uleule hukutanishwa katika chumba cha udhibiti. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni kipima fezori (fezori ni ukubwa na pembe ya wimbi vikiandikwa pamoja), ambacho wengi hukiita kwa herufi zake, PMU, na cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1988 katika chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani na Arun Phadke na wenzake. Laini ya kutoka Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya haihitaji hesabu hii kati ya ncha zake, kwa kuwa ni ya mkondo mnyoofu (DC) na gridi za pande mbili hazishikani kwa pembe, ingawa vinasa hitilafu vyake, yaani vifaa vinavyorekodi kilichotokea wakati wa hitilafu, vinahitaji saa sahihi kama vya laini nyingine yoyote.

Umuhimu wa vinasa hivyo ulidhihirika tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulipokatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario nchini Kanada, watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Wachunguzi walipata kumbukumbu nyingi mno, lakini saa za vifaa vilivyoziandika hazikukubaliana, na ilibidi wazipange upya moja baada ya nyingine ndipo wajue laini ipi ilitangulia kukatika. Ripoti yao ya mwisho, ya Aprili 2004, ilipendekeza vinasa vyenye saa zilizolinganishwa viwe jambo la lazima.

Hatua ya kwanza: Andika usahihi unaotakiwa na kila kazi

Kabla ya kugusa kifaa chochote, orodhesha kazi zote zinazotegemea saa katika kituo chako na uandike kando ya kila moja kosa kubwa linaloweza kuvumilika. Mita za nishati zinazosomwa kila dakika 15 au 30 huridhika na sekunde. Kumbukumbu za matukio, yaani ni kikata umeme kipi kilifunguka kwanza, huhitaji milisekunde 1, na kanuni za Amerika Kaskazini kwa vinasa hitilafu huruhusu hadi milisekunde 2 kutoka kwenye wakati wa dunia, UTC.

Kwa vipima fezori, kiwango cha IEEE C37.118 huruhusu kosa la jumla la asilimia 1. Kosa hilo lote likiwa la pembe peke yake, ni sawa na nyuzi 0.573, ambazo kwa hezi 50 ni mikrosekunde 31.8. Wapo wanaoisoma namba hii na kudhani wana nafasi kubwa. Ukweli ni kwamba transfoma za kupimia volti na mkondo, kebo zake na kipimo chenyewe navyo vina makosa yao, na katika mtandao ulioshikana vizuri tofauti ya pembe kati ya vituo viwili jirani inaweza kuwa nyuzi 2 tu, kiasi kwamba kosa la nusu nyuzi linakula robo ya kile unachokipima. Ndiyo sababu mafundi hulenga mikrosekunde 1, ili saa isiwe na mchango wowote wa maana katika kosa la jumla.

Kazi inayodai zaidi ni kutafuta mahali pa hitilafu kwa mawimbi yanayosafiri kwenye laini. Mawimbi hayo hukimbia karibu na kasi ya mwanga, takribani mita 300 kwa mikrosekunde, na kwa kuwa hesabu hugawanya tofauti ya muda kwa mbili, kosa la mikrosekunde 1 humpeleka fundi mita 150 mbali na mahali penyewe. Kama laini inapita porini au milimani, mita hizo zinaweza kuwa saa nzima ya kutembea.

Hatua ya pili: Chagua njia ya kusambaza wakati

Kuna njia tatu zinazotumika kwa kawaida, na si lazima uchague moja tu. Ya kwanza ni NTP, itifaki iliyoasisiwa na David Mills wa chuo kikuu cha Delaware, ambayo hupita kwenye mtandao wa kompyuta uleule ulio nao. Ndani ya kituo kimoja inaweza kufika chini ya milisekunde 1, na inatosha kwa kompyuta za chumba cha udhibiti, seva na kumbukumbu za matukio. Usiitumie kwa vipima fezori, hata muuzaji akikuhakikishia nini.

Ya pili ni IRIG-B, mfumo wa zamani wa kijeshi wa Marekani unaotuma mipigo 100 kila sekunde kupitia kebo yake pekee. Uko wa aina mbili, na kuchanganya aina hizo ni kosa ninalokutana nalo kuliko jingine lolote. Aina inayopakiwa kwenye wimbi la kilohezi 1 haifai kwa fezori, kwa kuwa mpokeaji hukisia mwanzo wa sekunde kutoka kwenye wimbi lililo pole. Aina ya mipigo mitupu ya volti ina ukingo mkali na hufika chini ya mikrosekunde 1. Kama vipima fezori vyako ni vitatu au vinne ndani ya chumba kimoja, IRIG-B ya mipigo ndiyo ningeichagua bila kusita: haina mipangilio mingi, na ikiharibika utaiona kwa osiloskopu.

Ya tatu ni PTP, yaani IEEE 1588, itifaki ya kusambaza wakati sahihi zaidi kupitia mtandao, ambayo kwa vituo vya umeme hutumika kwa taratibu zilizoandikwa mwaka 2016 katika kiwango cha IEC/IEEE 61850-9-3. Hii ndiyo ya kituo kipya chenye rilei nyingi zinazowasiliana kwa faiba, hasa pale ambapo volti na mkondo husafirishwa kama namba, sampuli 4,000 kila sekunde.

Hatua ya tatu: Weka antena

Antena inahitaji kuona anga pande zote, kwa hiyo paa la jengo la udhibiti huwa mahali pazuri kuliko ukuta. Isiwe kitu kirefu kuliko vyote juu ya paa. Iweke ndani ya kivuli cha mnara wa kinga ya radi, lakini isiuguse. Mahali kebo inapoingia jengoni funga kizuia radi, nacho kiunganishwe na athi ya jengo kwa waya mfupi na mnene. Kabla ya kuingia ukutani kebo ipindwe kwenda chini ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kuifuata hadi ndani ya mashine. Katika vituo vya pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, chumvi hula viungio vya shaba kwa haraka. Vizungushie mpira unaojigandisha, na uvikague kila mwaka.

Saa ikiwashwa kwa mara ya kwanza hutafuta mahali ilipo, na kwa kazi hiyo inahitaji setelaiti nne. Iache ijipime kwa muda mrefu, hata siku nzima, kisha ifungie kwenye mahali hapo. Baada ya hapo setelaiti moja tu inatosha kuipatia wakati, jambo linaloisaidia sana katika ukanda wetu. Karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, tabaka la juu la anga huchafuka mara kwa mara baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, na mawimbi ya setelaiti hupepesuka. Saa inayopoteza setelaiti mbili tatu kila jioni na kuzipata usiku wa manane si lazima iwe mbovu.

Urefu wa kebo nao una hesabu yake. Katika kebo ya kawaida mawimbi huchelewa takribani nanosekunde 5 kwa kila mita, hivyo kebo ya mita 60 huchelewesha wakati kwa nanosekunde 300. Kwa fezori hilo ni nyuzi 0.0054, na ukisahau kuliingiza kwenye mipangilio hakuna atakayegundua. Kwa mawimbi ya hitilafu ni mita 45. Liingize tu, maana ni namba moja, lakini usipoteze asubuhi nzima kulibishania kama kazi yako ni fezori peke yake.

Hatua ya nne: Amua ni wakati upi unaoandikwa

Kila kifaa kwenye kituo kiandike UTC, na ubadilishaji kwenda saa za hapa ufanyike mwishoni kabisa, kwenye skrini ya mtu anayesoma. Mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera unaonyesha sababu vizuri. Mtambo huo wa megawati 80 unalisha Tanzania, Rwanda na Burundi, na wakati Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, majirani zake wawili wako saa 2 mbele. Hitilafu moja ikiandikwa kwa saa za kila nchi, husomeka kama matukio mawili yaliyopishana kwa saa nzima.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya kigeni haviutaji, nao ni wetu wenyewe. Niliwahi kushinda nusu siku nikitafuta tukio la saa 4:13 usiku kwenye kinasa hitilafu na nisilione, kwa sababu mwendeshaji wa zamu aliandika daftarini kwa saa za Kiswahili, na kinasa kiliandika 22:13. Tofauti ya saa 6 kati ya daftari na mashine haihitaji mhandisi. Inahitaji daftari lenye safu iliyochapwa kwa mfumo wa saa 24.

Hatua ya tano: Unganisha na panga

Kwa IRIG-B, hesabu mzigo wa kila tokeo la saa kabla ya kuunganisha vifaa mfululizo, kwa sababu kila kimoja huushusha mpigo kidogo, na kifaa cha mwisho kinaweza kupokea mpigo uliolegea. Usiivushe kebo ya shaba kutoka jengo moja hadi jingine kupitia uwanja wa vifaa vya msongo wa juu. Tumia faiba, maana umeme unaovuja ardhini wakati wa hitilafu utapita kwenye ngao ya kebo hiyo bila kuomba ruhusa. Hakikisha pia kwamba saa imewashwa sehemu ya nyongeza inayobeba mwaka na ubora wa wakati. Bila nyongeza hiyo rilei haiwezi kujua kama saa bado imeshika setelaiti au inajiendesha yenyewe.

Kwa PTP, sharti kuu ni kwamba kila swichi ya mtandao iliyo njiani iielewe itifaki hiyo na kuhesabu muda ambao ujumbe umekaa ndani yake. Kiwango huruhusu kosa la nanosekunde 250 kwa saa kuu na nanosekunde 50 kwa kila swichi ya aina hiyo, hivyo swichi 15 mfululizo hukufikisha hasa kwenye mikrosekunde 1. Swichi moja ya kawaida ikichomekwa katikati, tuseme ile fundi wa mtandao aliyoiongeza ili kupata tundu la kompyuta yake, huvuruga hesabu yote, na uvurugaji huo huongezeka mtandao unapokuwa na shughuli nyingi, yaani wakati wa hitilafu hasa. Namba ya kikoa iwe moja kwa vifaa vyote, kipimo cha ucheleweshaji kiwe cha jirani kwa jirani, na saa ya pili ya akiba ipewe kipaumbele cha chini ili zisigombanie ukubwa. Angalia pia urefu wa faiba za kwenda na kurudi, kwa sababu PTP hudhani ni sawa. Zikitofautiana kwa mita 100, wakati hukosea kwa nanosekunde 250.

Hatua ya sita: Lazimisha saa iseme hali yake

Hatua hii ndiyo ninayoiona ikirukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha mfumo unaoaminika na mapambo ya ukutani. Saa iliyosimama haina hatari kubwa, kwani kila mtu ataiona. Hatari iko kwa saa iliyokosea huku ikidai iko sawa.

Antena ikikatika, saa huendelea kwa kutegemea kitovu chake cha ndani, yaani sehemu inayotoa mdundo wake. Kitovu cha kwatzi cha kawaida kikikosea sehemu moja kwa milioni, hupoteza mikrosekunde 1 kila sekunde, na ndani ya nusu dakika mikrosekunde zako 31.8 zimekwisha. Kwatzi iliyowekwa ndani ya joto lisilobadilika, ikikosea sehemu moja kwa bilioni, hupoteza mikrosekunde 3.6 kwa saa, na itakuvusha karibu saa 9. Kitovu cha rubidi kinachokosea sehemu moja kwa bilioni mia hupoteza chini ya mikrosekunde 1 kwa siku nzima. Chagua kwa kujiuliza fundi wako atachukua muda gani kufika kituoni wakati wa masika, si kwa kuangalia bei peke yake.

Kisha hakikisha taarifa ya ubora inafika hadi mwisho. Kila ujumbe wa C37.118 hubeba tarakimu moja ya ubora wa wakati: 0 maana yake saa imeshika setelaiti, 4 maana yake kosa halizidi mikrosekunde 1, 5 ni mikrosekunde 10, 6 ni mikrosekunde 100, na F ni saa isiyoaminika kabisa. Panga kompyuta inayokusanya fezori ikatae pembe yoyote yenye 6 na kuendelea, na impelekee mwendeshaji tahadhari kuanzia 5. Nimekuta mahali ambapo tarakimu hiyo ilitumwa kwa uaminifu miaka yote na hakuna programu hata moja iliyokuwa ikiisoma.

Hata hivyo tarakimu hiyo nayo hudanganyika. Tarehe 26 Januari 2016, baadhi ya setelaiti za GPS zilituma taarifa zenye kosa la mikrosekunde 13.7 katika UTC, wakati wa kuondolewa kwa setelaiti moja kuukuu. Kwa gridi ya hezi 50 hiyo ni robo ya nyuzi, na mashine zilizoathirika zilikuwa zimeshika setelaiti vizuri. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba kipima fezori kinaweza kupotoshwa kidogo kidogo kwa mawimbi bandia ya GPS mpaka kivuke mipaka ya kiwango. Kinga yake ni kuwa na chanzo cha pili kisicho cha aina ileile: mpokeaji anayesoma setelaiti za Galileo za Ulaya au BeiDou za China pamoja na GPS, au PTP inayoletwa kwa faiba kutoka kituo kingine, na kengele inayolia vyanzo viwili vikipishana.

Hatua ya saba: Jaribu kabla ya kukabidhi

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa cha kununua. Unganisha vipima fezori viwili kwenye transfoma ileile ya kupimia volti, kila kimoja kikiwa na saa yake, na usome tofauti ya pembe. Inatakiwa iwe sifuri, na kinachobaki ni makosa yako. Jaribio la pili ni kuchukua saa ya kubeba yenye antena yake, kuweka mipigo ya sekunde ya saa zote mbili kwenye osiloskopu na kusoma umbali kati ya kingo. La tatu, ambalo wakandarasi hawalipendi, ni kuchomoa antena na kusubiri. Tazama tarakimu ya ubora ikipanda katika chumba cha udhibiti, si kwenye uso wa saa tu. Kisha rudisha antena na uone kama saa inarejea taratibu au inaruka ghafla.

Ukikuta tofauti, ukubwa wake mara nyingi hutaja chanzo. Sekunde 37 maana yake kifaa kimesoma wakati wa atomiki wa PTP bila kuugeuza kuwa UTC. Sekunde 18 maana yake kimesoma wakati wa GPS. Saa 3 kamili ni kifaa kilichoachwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Tarehe iliyorudi nyuma kwa wiki 1,024 ni mpokeaji wa zamani aliyezidiwa na hesabu ya wiki za GPS iliporudi sifuri, kama ilivyotokea tarehe 6 Aprili 2019. Lakini nyuzi 120 si kosa la saa. Ni fezi zilizopishanishwa kwenye vituo vya waya. Nyuzi 180 ni waya wa transfoma uliogeuzwa, na nyuzi 30 ni muungano wa nyota na delta wa transfoma kuu. Kosa la kweli la saa huonekana zaidi kama pembe isiyo na jina, inayosogea polepole siku nzima.

Matunzo baada ya hapo

Kila mwaka rudia jaribio la kuchomoa antena, kagua viungio, na uondoe viota vya nyigu ndani ya sanduku la kizuia radi. Kila programu ya saa inaposasishwa, rudia jaribio la vipima viwili. Weka pia tarehe mbili kwenye kalenda ya kituo. Sekunde ya nyongeza, ile inayoingizwa mara chache ili UTC iendane na mzunguko wa dunia, iliingizwa mara ya mwisho tarehe 31 Desemba 2016, na ikitangazwa nyingine itaangukia sekunde moja kabla ya saa 9:00 usiku kwetu, saa ambayo mtu wa zamu anapaswa kuwa macho na kuandika kila kifaa kilifanya nini. Na hesabu ya wiki za GPS itarudi sifuri tena Novemba 2038. Muulize muuzaji leo, kwa maandishi, mashine anayokuuzia itaandika tarehe gani siku hiyo.